Pikapu ya Parokia na Mafundi wa Gerezani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kubadilisha Gari



Katika barua tulizopokea robo hii kutoka kamati za parokia, swali moja limejirudia. Je, pikapu tuliyopewa na wafadhili tunaweza kuipeleka Kariakoo ikainuliwe, iwekewe springi za ziada na mabenchi nyuma, ili ifike vijijini wakati wa masika? Jibu letu ni kwamba inawezekana, na mafundi wapo. Lakini kazi hiyo ina mambo ambayo kamati inapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha. Sisi wenyewe tuliyajua kwa kuchelewa.

Mahali pa wabeba mizigo

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliowekwa eneo hilo baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Hadi leo kazi ya eneo hilo ni kupakia na kushusha. Kirikuu, mikokoteni na pikapu huingia alfajiri na kutoka zimejaa.

Pembeni ya soko, upande wa Gerezani, utakuta mafundi wa kila aina: wa kuchomelea, wa springi, wa injini, wa umeme wa magari na wa rangi. Maduka ya spea yako hatua chache tu kutoka gereji. Kifaa kikikosekana, kijana hutumwa na kurudi nacho baada ya muda mfupi.

Kubadilisha magari ya mizigo si jambo geni jijini. Baada ya serikali kuruhusu daladala za watu binafsi mwaka 1983, magari madogo ya mizigo yalijengewa vibanda na mabenchi nyuma, abiria wakakaa wakitazamana. Watu waliyaita chai maharage. Yaliwasaidia wengi wakati wa shida ya usafiri, na ujuzi wa kuyajenga ulipita kutoka fundi hadi mwanagenzi wake.

Kinachofanyika gereji

Pikapu kama Toyota Hilux na Land Cruiser hujengwa juu ya chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini, kabini na bodi ya nyuma. Nyuma kwa kawaida kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa yubolti. Fundi akitaka gari libebe zaidi, huongeza chuma kimoja au viwili. Akitaka liinuke, hukunja springi upya au huweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Kisha huweka shokapu ndefu na pengine tairi kubwa.

Kila badiliko lina gharama yake mahali pengine. Gari likiinuka, uzito wake huwa juu zaidi, hivyo hupinduka kwa urahisi kwenye kona. Propela shafti hukaa kwa pembe kali, na krosi zake huisha mapema. Tairi ikiongezeka mzunguko kwa asilimia 10, saa ya mwendo ikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari kwa kweli liko kwenye 66. Kwa tairi hizo hizo, breki zina kazi kubwa zaidi ya kulisimamisha.

Tulichojifunza kwa uchungu

Miaka michache iliyopita pikapu moja ya huduma ya afya tuliyokuwa tukiisimamia iliinuliwa na kuongezewa springi. Kamati ilifurahi, nasi tuliidhinisha malipo bila kuuliza swali lolote. Mvua ilipoanza, gari lilikuwa likirudi kutoka kijijini likiwa na wauguzi wawili, dereva na mitungi ya maji nyuma. Kwenye mteremko dereva alikanyaga breki, na gari halikusimama alipotarajia. Liliishia mtaroni. Muuguzi mmoja alivunjika mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyepoteza maisha.

Tulipolipeleka kwa fundi mzee wa Gerezani, alilala chini ya gari kwa muda mfupi tu, akatuita tuone. Katika pikapu nyingi, hasa zile zisizo na mfumo wa kisasa wa breki, kuna vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma. Vali hiyo imefungwa kwenye chasisi na ina kijiti kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likipakiwa, bodi hushuka, kijiti husukumwa, na vali huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu, vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasigande na gari kuteleza.

Gari letu lilikuwa limeinuliwa, lakini kijiti hakikurekebishwa. Hata likiwa na mzigo, bodi ilibaki juu. Fundi alituambia maneno ambayo hatujayasahau: gari lenu halikukosa breki, lilidhani halina mzigo. Breki za mbele zilifanya kazi karibu peke yake, zikapata moto mteremkoni na kupungua nguvu. Marekebisho yalikuwa kusogeza kishikio cha kijiti kwa kipimo kile kile gari lilichoinuliwa, kisha kulijaribu likiwa na mzigo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Hatuandiki haya kumlaumu fundi wa kwanza. Yeye alifanya tulichoagiza. Sisi ndio tuliagiza springi bila kuuliza habari za breki.

Hesabu ya mzigo

Kosa la pili ni kuamini kwamba springi nzito huongeza uwezo wa gari. Springi huzuia bodi isishuke. Haziongezi nguvu ya chasisi, ekseli, beringi wala breki. Chukueni mfano wa pikapu ya tani moja. Kibanda cha mabomba, mabenchi na turubai vikiwa na kilo 200, na watu 12 wenye wastani wa kilo 65 wakipanda, hiyo ni kilo 780. Jumla ni kilo 980, na hakuna aliyebeba hata kapu. Zaidi ya hayo, gari lililosajiliwa kwa mizigo si gari la abiria. Umbo la gari likibadilika, taarifa ifikishwe TRA na kwa kampuni ya bima, maana bima inaweza kukataa kulipia gari ambalo halifanani tena na karatasi zake.

Kuhusu kuchomelea, chasisi isitobolewe wala kuchomelewa kwenye kingo zake za juu na chini, kwa kuwa hapo ndipo panapobeba mkazo mkubwa na nyufa huanzia hapo. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea, ili vifaa vya umeme visiungue.

Kabla ya kulipa

Tunazishauri kamati zifanye yafuatayo:

1. Andikeni kazi yote kabla haijaanza, pamoja na uzito mnaotarajia kubeba.
2. Mwulizeni fundi atafanya nini kuhusu vali ya breki, mabomba ya breki na propela shafti. Fundi mzuri hatachukia kuulizwa.
3. Nunueni spea mkiwa na fundi, na mtunze risiti. Kariakoo kuna spea halisi, za mitumba na za bandia, na zote hufungwa kwenye maboksi mazuri.
4. Dai yubolti mpya, na zikazwe tena baada ya safari za kwanza.
5. Jaribuni gari likiwa limepakiwa, kwenye mteremko, kabla ya kumaliza malipo.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapotoa gari, tengeni pia fedha za ukaguzi na matengenezo ya kila mwaka. Vilevile, vijana wengi wa Gerezani wamejifunza kwa kutazama na kushika spana, bila cheti. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Kumlipia kijana mmoja ada hiyo ni kumsaidia yeye, na ni kulinda maisha ya wote watakaopanda magari atakayoyatengeneza.

Muuguzi wetu alipona na alirudi kazini. Bado anasafiri na pikapu ile ile. Kila inapotoka gereji, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama kijiti kimepimwa.