Mafaili Kwanza, Kompyuta Baadaye

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujizima ovyo, mwenye nayo huibeba hadi kwa fundi, na fundi humuuliza swali moja: "Nipige Windows mpya?" Wengi hujibu ndiyo papo hapo, maana wanachotaka ni kuiona ikiwaka. Jioni inawaka kweli, tena inakwenda kwa kasi, na ndani yake hamna kitu. Picha za harusi, sauti za wazee, hesabu za kikundi, barua za mirathi, vyote vimefutwa na mtu aliyelipwa kusaidia. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hili, na ndiyo maana nasema bila kuzunguka: kompyuta inanunulika tena, mafaili hayanunuliki. Anayeanza na mashine kabla ya mafaili ameanza vibaya.

Isongole, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na mpaka wa Kasumulu, ni mahali pagumu kwa vifaa vya umeme. Ni nchi ya viazi mviringo na ukungu, jirani na njia ya kupandia Ziwa Ngozi. Iko juu kuliko Tukuyu, na Tukuyu yenyewe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hewa yenye unyevu ikigusa chuma baridi huacha umande. Kompyuta ikilala usiku kucha sebuleni kwenye baridi, asubuhi jiko la mkaa likaingizwa ndani na sufuria ya chai ikaanza kuchemka, umande uleule unaoonekana kwenye vioo vya madirisha unakaa pia ndani ya kava, juu ya mazabodi. Ongeza radi za masika, umeme unaopungua nguvu jioni kila nyumba ikiwasha taa, na moshi unaoganda kwenye feni pamoja na vumbi mpaka feni inashindwa kuzunguka vizuri. Anayetoka safari na kompyuta mpakato usiku wa baridi, akaingia nayo kwenye chumba chenye moto, aiache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha. Ni ushauri mdogo, lakini umeokoa mashine nyingi.

Kompyuta za mezani zilizoko majumbani huku nyingi ni za mtumba. Zilifanya kazi maofisini kwa miaka kadhaa, zikauzwa, zikapita Dar es Salaam na Mbeya, ndipo zikafika mlimani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na nyingi za mashine hizi hazikidhi masharti ya Windows 11. Hazitatupwa kwa sababu hiyo. Zitaendelea kutumika na kutengenezwa, na diski zilizomo zitaendelea kuzeeka.

Mmoja wa wenye mashine za aina hiyo ni mwalimu mstaafu. Yake ilikuwa ikijizima kila anapoketi kuandika. Humo alikuwa amehifadhi historia ya ukoo wake: majina ya mababu, nani alioa wapi, shamba lipi lilitolewa na nani, pamoja na sauti za wazee wakisimulia kwa Kinyakyusa, wengi wao sasa marehemu. Nilikwenda kwake na fundi kijana kutoka Tukuyu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani, nje baridi. Mgonjwa wenu yule pale mezani."

Fundi hakugusa kitufe cha kuwashia. "Ikizima, Mwalimu, inazima ghafla kama umeme umekatika, au inatoa maandishi kwanza?"

"Siku nyingine inaleta kioo cha bluu chenye maandishi. Siku nyingine inaganda tu, mshale hauendi. Na tangu juzi kuna kitu ndani kinagonga, tk, tk."

Kijana akachomoa waya ukutani. "Basi leo hatuiwashi. Tunatoa diski kwanza."

Alichokifanya hapo ndicho kiini cha ufundi huu wote. Alisikiliza dalili, akazitenganisha. Kompyuta inayozima ghafla baada ya kufanya kazi kwa muda mara nyingi imezidiwa na joto, au pawa saplai yake imechoka. Kioo cha bluu, ambacho Microsoft ilianza kukigeuza kuwa cheusi mwaka 2025, huletwa na mambo mengi: ramu, diski, au programu inayoendesha kifaa fulani. Kwa hiyo usikizime kwa hasira. Kipige picha kwa simu. Kwenye Windows za zamani kosa huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo zinasema kitu. 0x0000001A huelekeza kwenye ramu na usimamizi wake. 0x0000007B ina maana mashine imeshindwa kuifikia diski ya kuwakia. Lakini kuganda kunakofuatana na mgongano wa ndani, kule kusikika "tk, tk", hakuhitaji tarakimu. Diski inakufa.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikilegea au kikishindwa kujua kilipo, hurudi mwanzo na kujaribu upya, na kule kurudi ndiko kunakogonga. Kila unapoiwasha tena "tuone kama leo itakubali", unakipa nafasi nyingine ya kuikwaruza sahani yenye mafaili yako. Kwa sababu hiyohiyo hadi diski haifunguliwi mezani kwa bisibisi. Chembe moja ya vumbi kwa kichwa kile ni jiwe. Na wanaoshauri iwekwe kwenye friza wasisikilizwe. Huku tuna baridi ya kutosha, na baridi huleta umande juu ya sahani.

Kava lilipofunguliwa palikuwa na utando wa vumbi na masizi, na kwenye meno ya ramu rangi ilikuwa imebadilika, dhahabu imefifia na kuwa ya ukijani. Fundi aliiweka ramu kando, akafungua skrubu nne za diski, akaiunganisha kwa kebo kwenye kompyuta mpakato yake iliyokuwa imewashwa kwa Linux kutoka kwenye fleshi. Hii ni njia ambayo hata asiye fundi anaweza kujifunza. Ubuntu, kwa mfano, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004, inapakuliwa bure, inawekwa kwenye fleshi ya GB 8, na kompyuta inaamka kutoka kwenye fleshi hiyo bila kugusa Windows iliyoharibika. Ikiwa diski ni nzima na tatizo ni Windows peke yake, mafaili utayaona yote yamekaa mahali pake, na kazi inayobaki ni kuyanakili kwenda diski ya nje.

"Mwalimu," fundi akauliza, "kama tungepata folda moja tu, ungechagua ipi?"

Mzee hakufikiri. "Sauti."

Wapo mafundi wanaosema diski inayokufa inakiliwe nzima kwanza, bila kufungua folda yoyote. Wana hoja, kwa kuwa kila usomaji unaichosha. Mimi naona kijana alifanya sawa: diski ilikuwa bado inafunguka, folda ya sauti ilikuwa ndogo, na mwenye mali amesema analotaka. Alinakili sauti. Baadaye ndipo akaanzisha ddrescue, programu ya bure iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, ambayo kwa maoni yangu kila fundi wa wilaya yetu ya Rungwe anapaswa kuifahamu. Hiyo haing'ang'anii sehemu mbovu. Inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka panapokwama, kisha inarudi polepole kwenye yale mabaki. Muda wote inaandika kwenye faili dogo la ramani wapi imeshasoma na wapi bado.

Ramani hiyo ndiyo iliyotuokoa. Jioni mvua ilishuka, umeme ukakatika, betri ya kompyuta mpakato ikaisha kabla kazi haijakamilika. Kwa kunakili kwa kawaida tungeanza upya na kuitesa tena diski ile. Umeme uliporudi, fundi aliandika amri ileile, na programu ikaendelea pale ilipoachia.

Kuna jambo moja ambalo fundi alilikataa katikati ya kazi. Windows, ikiona diski ina kasoro, hupenda kujitolea kuikagua na kuirekebisha. Kwenye diski nzima hilo halina neno. Kwenye diski inayokufa ni hatari, maana programu hiyo inaandika juu ya diski, inahamisha na kukata vipande ili mpangilio ukae sawa, na faili lililokuwa limeumia kidogo linaweza kupotea kabisa. Ukarabati unafanyika kwenye nakala. Diski yenyewe husomwa tu.

Na aliyekwisha kupigiwa Windows mpya? Asikate tamaa, ila aache kuitumia mashine saa hiyohiyo. Kufuta faili kwenye hadi diski ya sahani hakuondoi maandishi yake. Kunaondoa anwani tu, na maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. PhotoRec ya Christophe Grenier hutafuta mafaili kwa alama zao za mwanzo. Picha ya JPEG, kwa mfano, siku zote huanza na baiti FF D8 FF. Majina ya mafaili hayarudi, utapata maelfu ya picha zenye majina ya tarakimu, na kuzipanga ni kazi ya wiki nzima ya jioni. Lakini picha ya mama yako inaweza kuwemo. Yanayopatikana yahifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si ileile unayoichimba. Kwa SSD, yaani diski isiyo na sahani, habari ni mbaya zaidi: mifumo ya sasa huiambia SSD isafishe mara moja nafasi ya faili lililofutwa, na likisafishwa hakuna programu ya kulirudisha. Vilevile kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker, na bila ufunguo wake wa akiba wenye tarakimu 48 hata fundi bora wa Afrika Mashariki hatafungua. Mara nyingi ufunguo huo hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ingia leo uutafute, uuandike kwenye karatasi.

Wakubwa pia hupatwa. Mwaka 1998 pale Pixar, Marekani, mtu alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na walipogeukia nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi. Filamu iliokolewa na kompyuta ya nyumbani. Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani, alikuwa na nakala kwake, na mashine ile ikapelekwa ofisini kwa gari ikiwa imefungwa mablanketi. Nakala iliyosaidia ilikuwa kwenye jengo lingine, na hilo ndilo linalotuhusu. Diski ya akiba inayokaa juu ya kompyuta ileile itapigwa na radi ileile na kuibwa na mwizi yuleyule.

Neno kwa mafundi nalo lina nafasi yake. Unapookoa mafaili ya mtu unaona maisha yake: picha za ndani, madeni, barua za hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazilinda taarifa hizo, na hata bila sheria heshima inatosha. Fundi wetu aliibakiza nakala kwa Mwalimu, kisha akafuta ya kwake mbele ya macho yake. Mteja ana haki ya kudai hivyo kabla hajalipa.

Kompyuta yenyewe ilimalizwa mwisho. Meno ya ramu yalisuguliwa kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa, ramu ikapimwa kwa Memtest usiku kucha bila kosa, feni ikapulizwa, prosesa ikapakwa krimu mpya ya kupitisha joto, SSD ndogo ikachukua nafasi ya diski iliyokufa. Kioo cha bluu kilikuwa cha ramu. Mgongano ulikuwa wa diski. Magonjwa mawili yalikuja pamoja. Kama angepigiwa Windows tu, yote mawili yangebaki.

Kisha Mwalimu akaketi kufungua faili moja moja, maana jina na ukubwa peke yake havithibitishi kwamba faili ni zima. Picha kadhaa zilifunguka nusu, chini zikiwa za kijivu. Maandishi ya ukoo yalikuwepo yote. Sasa nakala moja iko Isongole, ya pili kwa binti yake Mbeya, na sauti peke yake zimepandishwa Google Drive, ambako GB 15 za mwanzo hazilipiwi. Sauti mbili hazijafunguka hadi leo. Msimulizi wa moja amefariki. Wa nyingine yuko hai, na Mwalimu amepanga kwenda kumrekodi tena viazi vikishavunwa.