Jinja: Kodi ya pango nafuu, bei za bidhaa zinatoka Kampala

Wafanyabiashara wanaokimbia gharama za Kampala wamekuwa wakiuliza kama Jinja, umbali wa kilomita 80 hivi upande wa mashariki, ni mahali pa kuweka mtaji mdogo. Jibu linategemea unauza nini. Mji huo, ulio mahali ambapo mto Nile unatoka Ziwa Victoria, ulipewa hadhi ya jiji Julai 1, 2020, lakini hadhi peke yake haileti wateja. Sensa ya 2014, kabla mipaka haijapanuliwa, ilihesabu watu wapatao 73,000 mjini Jinja, wakati Kampala ilikuwa na milioni 1.5.

Tuanze na duka la rejareja, maana ndilo wengi wanalolifikiria kwanza. Malori ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa, yakishavuka mpaka Malaba au Busia, hupita Jinja kwenda Kampala. Huko mzigo hufunguliwa na kugawanywa kwa wauzaji wa jumla, wengi wao wakiwa Kikuubo, na mwenye duka wa Jinja hupanda gari kuufuata huko huko. Tairi la bodaboda analouza lilipita karibu na mlango wake likielekea magharibi, kisha likarudi kilomita 80 kwa gharama yake yeye. Akijumlisha nauli, ujira wa mpagazi na siku nzima ya kufunga duka, bei yake inapanda juu ya ile ya Kampala, na mteja wake anaijua bei ya Kampala. Alichookoa kwenye kodi ya pango kimeishia barabarani.

Daraja jipya halikubadilisha hesabu hiyo kama wengi walivyotarajia. Zamani magari yalivuka mto juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954 na ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Oktoba 2018 lilifunguliwa daraja la nyaya lenye urefu wa meta 525, lililojengwa kwa msaada wa mkopo wa Japani. Ni kazi nzuri, na malori yamepata nafuu. Lakini daraja hupitika pande zote mbili: linamleta mteja wa Kampala, na pia linampeleka mteja wa Jinja Kampala siku ya Jumamosi. Kwa kweli, kinachomlinda muuza duka wa Jinja leo ni foleni ya Mukono kuliko kitu kingine chochote. Kuhusu barabara ya kasi ya Kampala hadi Jinja, ambayo imekuwa kwenye mipango kwa miaka mingi, madalali huitaja kila wanapouza kiwanja. Usiilipie kabla hujaipita kwa gari.

Jinja haikuanza kwa kuitegemea Kampala. Umeme wa 1954 ulivuta kiwanda cha nguo cha Nyanza na kiwanda cha kuyeyusha shaba ya Kilembe, na mji ukawa kitovu cha viwanda cha nchi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Wenye mitaji na ujuzi wakaenda, na viwanda vingi vikadorora au kufa. Vilivyopo sasa, kama vile sukari ya Kakira nje kidogo ya mji na bia ya Njeru ng'ambo ya mto, ndivyo vinavyotia fedha mifukoni mwa watu. Hapo ndipo mtaji mdogo unapopata nafasi: chakula cha mchana cha wafanyakazi, vyumba vya kupanga, karakana, ushonaji wa sare. Hivi ni vitu ambavyo mtu hawezi kuvifuata Kikuubo.

Wapo wanaodhani kwamba kuishi jirani na bwawa ni kupata umeme rahisi. Si kweli. Bei ya umeme hupangwa kwa aina ya mteja, si kwa umbali kutoka mtamboni. Mwenye mashine ya kusaga wa Jinja hana nafuu ya kumzidi mwenzake wa Mbarara.

Utalii wa mto una fedha, lakini una hatari yake. Safari za mitumbwi ya mpira kwenye maporomoko zilianza miaka ya 1990 na zikajaza nyumba za wageni. Kisha likaja bwawa la Bujagali, megawati 250, lililokamilika 2012, na maporomoko ya Bujagali yakazama. Bwawa la Isimba, megawati 183, likafuata 2019 na kumeza sehemu nyingine. Aliyejenga akitazama maporomoko alijikuta anatazama maji yaliyotulia. Anayetaka kujenga kando ya mto aulize kwanza kuna mipango gani ya umeme kwenye kipande hicho.

Kwa mnunuzi wa ardhi, mto ni mpaka wa sheria pia. Njeru iko upande wa Buganda, ambako kuna ardhi ya mailo: mwenye hati anaweza kuwa mmoja na mkazi mwenye kibanja akawa mwingine, na wote wawili wana haki. Ukimlipa mmoja tu, umenunua kesi. Wasio raia wa Uganda, wakiwemo wasomaji wetu wa Kenya na Tanzania, hupata ardhi kwa upangaji usiozidi miaka 99.

Upande wa Jinja, yale majengo ya kupendeza ya Main Street mengi yalikuwa ya Waasia. Sheria ya 1982 iliwaruhusu wenyewe kudai mali zao, na mengi yalirudishwa katika miaka ya 1990. Kabla ya kulipa kilemba cha duka kwenye jengo la aina hiyo, omba kuona cheti cha kurudishiwa mali, kisha linganisha jina lililomo na la yule anayekudai kodi.