Je, Wajua? Kijiji Chenye Amri ya Rangi

Sidi Bou Said, kijiji cha Tunisia kilichokaa juu ya jabali linaloitazama Ghuba ya Tunis, kina rangi mbili: kuta nyeupe, milango na madirisha ya buluu. Mwonekano huo umelindwa kwa amri ya serikali tangu mwaka 1915.

Aliyeipigania amri hiyo ni Baron Rodolphe d'Erlanger, mchoraji aliyehamia hapo na kujenga kasri la Ennejma Ezzahra kati ya 1912 na 1922. Pesa zilikuwa za ukoo wa mabenki. Mapenzi yake yalikuwa muziki. Alikaribisha wapigaji mahiri, akaanzisha utafiti wa muziki wa Kiarabu uliozaa juzuu sita, nyingi zikitoka baada ya kifo chake mwaka 1932. Kasri sasa ni kituo cha muziki chenye ala za zamani, na mpenzi wa taarabu atazitambua udi na kanuni bila kuelekezwa.

Jina la kijiji ni la walii Abu Said al-Baji, aliyefariki 1231. Kaburi lake lilichomwa moto Januari 2013, kisha likakarabatiwa.

Mchoraji Paul Klee alipita hapa Aprili 1914. Wageni wa leo hufika kwa treni kutoka Tunis, mwendo wa kilomita 20 hivi. Wengi hukimbilia picha. Mimi ningeanza na bambalouni, andazi la duara lenye tundu, linaloliwa moto na sukari.