Barua pepe kwa daktari: Inafaa lini, na ni lini yaweza kukudhuru?

MGONJWA wa kisukari au shinikizo la damu huonana na daktari kwa dakika chache, kisha akarudi nyumbani kuishi na maagizo aliyopewa kwa miezi miwili au mitatu. Maswali humjia baadaye. Je, tembe hizi humezwa kabla ya chakula au baada ya kula? Miguu imeanza kuvimba tangu abadilishiwe dawa. Aendelee kuimeza au aiache? Kwa mkazi wa Marsabit ambaye daktari wake yuko Nairobi, kuuliza swali moja kama hilo ni nauli, siku nzima barabarani, na pengine kupoteza kibarua.

Barua pepe inaweza kuliziba pengo hilo. Mgonjwa huandika kwa utulivu, naye daktari hujibu foleni ikishapungua. Zaidi ya hayo, jibu lililoandikwa hubaki. Yaliyosemwa kwa simu husahaulika hata kabla ya simu kukatwa, lakini maagizo ya barua pepe yaweza kusomwa tena na tena, pia na yule anayemuuguza mgonjwa nyumbani. (Tena huandikwa kwa herufi zinazosomeka, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu vyeti vingi vya dawa.)

Wataalamu walianza kulitafakari suala hili zamani. Mnamo 1998, chama cha Marekani cha wataalamu wa taarifa za tiba, AMIA, kilichapisha mwongozo kuhusu barua pepe baina ya madaktari na wagonjwa. Mwongozo huo ulitaka pande mbili zipatane mapema kuhusu muda wa kungojea jibu, na kuhusu mambo yanayofaa kuandikwa na yasiyofaa, kama vile habari za virusi vya Ukimwi na afya ya akili. Mgonjwa aambiwe ni nani mwingine huzisoma barua za daktari. Kila barua na jibu lake viwekwe katika faili ya mgonjwa. Na barua inapotumwa kwa wagonjwa wengi kwa pamoja, asiwepo anayeweza kuona anwani za wenzake.

Agizo hilo la mwisho laweza kuonekana dogo. Lakini mnamo Septemba 2015, kliniki ya 56 Dean Street jijini London ilituma jarida lake kwa barua pepe kwa watu wapatao 780, wengi wao wakiwa wanaishi na virusi vya Ukimwi. Anwani zote ziliwekwa mahali pa wapokeaji wa kawaida badala ya mahali pa nakala zilizofichwa. Kila aliyeifungua barua hiyo aliona anwani za wengine, nyingi zikiwa na majina kamili. Mwaka uliofuata, taasisi inayoisimamia kliniki hiyo ilitozwa faini ya pauni 180,000. Hapakuwa na mwizi wa mitandao aliyevunja nambari za siri. Ni mfanyakazi aliyekosea kisanduku cha kuandikia anwani.

Wengi wanapozungumzia hatari za barua pepe huwaza wezi wa aina hiyo. Ukweli ni kwamba siri nyingi huvujia karibu zaidi: simu inayotumiwa na watu wawili nyumbani, kompyuta ya saiba iliyoachwa bila kufungwa, au anwani ya kazini ambayo mwajiri ana uwezo wa kuipekua. Ndiyo maana baadhi ya hospitali huwataka wagonjwa kuingia katika tovuti yao kwa nambari ya siri ili wasome majibu humo.

Hatari nyingine ni ukimya. Barua ikishatumwa, mwandishi hudhani imesomwa, kumbe daktari yuko likizoni, au barua imetupwa pamoja na matangazo ya biashara. Maumivu ya kifua, kutokwa na damu wakati wa ujauzito, mtoto mwenye homa na degedege: hayo si mambo ya kuandikiwa barua hata kidogo. Ni ya kukimbizwa hospitalini.

Hapa Kenya tunao mfano mzuri wa kuushinda ukimya huo, ingawa ulitumia arafa za simu. Katika utafiti ulioanza 2007 katika kliniki tatu, wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walitumiwa kila wiki neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kuwa asilimia 62 ya waliotumiwa arafa walimeza dawa inavyotakiwa, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wale wasiotumiwa. Tazama pia kwamba neno "Mambo?" halikufichua ugonjwa wowote, hata likisomwa na jirani.

Sheria yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua huduma zinazotolewa kwa njia za kielektroniki. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti, na inamtaka anayezihifadhi kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kumdhuru mhusika.

Kwa hivyo, kabla ya kutoka katika chumba cha daktari, muulize kama hujibu barua pepe, baada ya siku ngapi, na kama kuna malipo. Unapoandika, taja shida moja katika kichwa cha barua, kisha jina lako kamili na nambari ya faili. Eleza shida ilianza lini, na uorodheshe dawa zote unazotumia pamoja na vipimo vyake, zikiwemo za mitishamba. Siku mlizoafikiana zikipita bila jibu, usiandike barua ya pili. Ipigie kliniki simu.