FULANA YA FARASI JUU YA BODA BODA

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuja kulielewa neno hilo kwa sababu ya fulana moja ya mtumba.

Kaka yangu mkubwa anaendesha boda boda hapa Kaptembwo. Siku moja alirudi nyumbani na fulana nyeusi isiyo na mikono, imejazwa vipande vya sponji nene vilivyopangwa kama matofali. Mama alidhani ni boya la kuogelea. Kaka naye akashikilia kwamba ni ya kuzuia risasi, eti muuzaji ndiye aliyemwambia. Nikaigeuza ndani nje nikasoma lebo: EN 13158, mwaka 2009, halafu namba 1. Kaka aliposikia hiyo namba akaruka kwa furaha. "Si unaona! Namba wani! Sasa hata nikianguka, niko sawa."

Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, nikaanza kuchimba. Nilichogundua ni kwamba fulana ile haikuundwa kwa ajili ya pikipiki hata kidogo. Ni kinga ya mpanda farasi.

Sisi wa Kaptembwo farasi tunawajua kwa kuwaona kwenye maonyesho ya kilimo tu, ingawa mjini kwetu kuna mtaa mzima unaoitwa Race Track. Siku hizi mbio za farasi nchini ni za uwanja wa Ngong kule Nairobi. Farasi wa mbio huweza kukimbia karibu kilomita 60 kwa saa, na uzito wake ni kama kilo 500. Joki akidondoka, kwanza anapigwa na ardhi, halafu huenda akapigwa teke na kwato za farasi wanaofuata nyuma. Mbavu zikivunjika zinaweza kutoboa mapafu. Na chini ya mbavu kuna ini na wengu, viungo ambavyo vikipasuka mtu hutokwa damu tumboni bila hata tone moja kuonekana nje.

Sponji inasaidiaje? Wanafunzi wa fizikia watanielewa upesi. Yai likiangushwa sakafuni linapasuka, lakini likiangukia godoro linapona. Urefu ni ule ule na yai ni lile lile. Tofauti ni kwamba godoro linabonyea polepole, kwa hiyo yai linachukua muda mrefu kidogo kusimama, na nguvu ya pigo inapungua. Tena nguvu hiyo inatandazwa mahali papana badala ya kuishia ncha moja.

Basi wataalamu wa Ulaya waliweka kiwango hicho cha EN 13158 ili mtu asiuziwe sponji ya kochi akaambiwa ni kinga. Fulana huwekwa juu ya chuma, kitu kizito kikaangushwa juu yake, na vipimo vilivyo chini vikaonyesha ni nguvu kiasi gani imepenya. Ikipita kikomo, fulana imefeli. Kuna ngazi tatu, na sasa nakuomba usome polepole, maana hapa ndipo kaka alipopotea. Sisi tuliozoea ripoti za shule tunajua namba moja ndiye bora. Kwenye fulana hizi mambo ni kinyume! Ngazi ya 1 ndiyo ya chini kabisa, na ya 3 ndiyo ya juu. Hiyo ya 1 inahesabiwa kuwafaa majoki wenye leseni tu, wakiwa mbioni, kwa kuwa joki hupimwa uzito na hataki kubeba mzigo. Mtu wa kawaida anayejifunza, au anayeshindana kuruka vizuizi, anashauriwa ngazi ya 3.

Katika mashindano yale ya farasi kukimbia porini na kuruka magogo, shirikisho la kimataifa, FEI, halimruhusu mtu kuondoka bila fulana ya kinga. Zipo pia fulana za hewa: kamba yake inafungwa kwenye tandiko, mpandaji akirushwa kamba inavutwa, mtungi mdogo unafyatuka na fulana inafura mara moja. Lakini hata hiyo huvaliwa juu ya ile ya sponji, haichukui nafasi yake. Nilicheka niliposoma kuwa fulana za hewa zilianzia kwa watu wa pikipiki kabla hazijafika kwa watu wa farasi. Kumbe kaka angetafuta mlango wa pili!

Nilimweleza yote hayo jioni moja tukiwa tunakula. Nikamwambia fulana ya farasi haizuii uti wa mgongo usipindwe, na haimwokoi mtu aliyelaliwa na farasi mzima. Zaidi ya hayo, haikupimwa kwa lami. Mtu wa pikipiki haanguki tu, anaburuzwa pia, na kitambaa laini kile kitaisha kabla hajasimama. Kinga za pikipiki zina kiwango chao, EN 1621.

"Na hii reflekta yangu?" akauliza.

Nikamwambia reflekta ni ya kuonekana. Sheria ya trafiki, ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi yenye reflekta, na abeba abiria mmoja tu. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema jaketi hiyo izuie pigo. Ile ni kitambaa chepesi kama pazia. Cha kuzuia pigo ni helmeti, ambayo KEBS imeiwekea kiwango cha KS 77, na ya kaka mkanda wake ulikuwa umekatika tangu Pasaka.

Lakini bado hakuamini. Basi tukaijaribu. Sponji nzuri ikibonyezwa hurudi yenyewe. Wanaozijua wanasema ikikaa kama nusu saa na shimo halijajaa, imekufa. Wanashauri pia ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, hata kama haijawahi kuanguka. Tukaweka mtungi wa maji wa lita 20 juu ya kona ya kifua, tukauondoa, kisha tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi shimo lilikuwepo vile vile, limetulia kama bakuli.

Kaka alilitazama kwa muda. Kesho yake alinunua mkanda wa helmeti. Fulana hajaitupa: Julai hii asubuhi anaivaa chini ya reflekta, na mwenzake akimwuliza stejini, anajibu ni sweta.