Picha za minara ya taa: tazama mwezi kwanza

Msikilizaji wetu wa Mkange, ukipanga safari ya kupiga picha za minara ya taa inayoongoza meli, tazama mwezi kabla ya kutafuta nauli. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua: maji hujaa sana, kisha hukupwa mbali. Tangu kupwa hadi kujaa ni muda wa saa 6 hivi. Anayetembea mwambani akitafuta picha nzuri anaweza kuzungukwa na maji. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hatari hupungua.

Tunapendekeza mnara wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, uliojengwa mwaka 1904. Pita Bagamoyo hadi Dar es Salaam, kisha panda boti ya abiria kwenda Zanzibar. Usivuke kwa jahazi la mizigo. Chumbe ni hifadhi ya matumbawe, kwa hiyo ulizia nafasi na gharama mapema. Kwa mnara wowote mwingine, omba ruhusa kwa wanaousimamia kabla ya kutoa simu.

Usiku, kila taa huwaka na kuzima kwa mpangilio wake, na ndivyo nahodha anavyoitambua. Hesabu sekunde kwanza, ndipo upige picha.