Nani Alilipia Transista Iliyo Mfukoni Mwako?

Mwaka 1982 kampuni za Marekani zinazotengeneza chipu, zikiwemo IBM, Intel, Motorola na AMD, zilifanya jambo ambalo washindani wa kibiashara hawalizoei: zilichanga fedha katika mfuko mmoja na kuzipeleka vyuo vikuu. Wajapani walikuwa wamezibana vibaya katika soko la chipu za kumbukumbu, na hakuna kampuni iliyojiona ina ubavu wa kugharamia peke yake utafiti wa miaka kumi ijayo. Chombo walichokiunda, Semiconductor Research Corporation, kipo hadi leo Durham, North Carolina.

Utaratibu wake hauna makuu. Kampuni zinataja matatizo yanayozisumbua, maprofesa wanaandika mapendekezo, na anayeshinda anapata fedha za kumlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na posho. Mhandisi wa kiwandani anamfuatilia mwanafunzi huyo kwa miaka yote ya utafiti. Kampuni zinayaona matokeo mapema, kisha yanachapishwa kwa wote. Faida kubwa zaidi huja mwanafunzi anapohitimu: anaingia kazini akiwa ameshalijua tatizo nje ndani.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndicho kinachoonyesha vizuri uhusiano huu unavyozaa. Mwaka 1973 mwanafunzi Laurence Nagel na profesa wake Donald Pederson walitoa SPICE, programu inayojaribu saketi ndani ya kompyuta kabla haijatengenezwa. Chuo kiligawa programu hiyo kwa bei ya mkanda ilimorekodiwa. Wahandisi wa viwandani waliichukua, wakaitumia, wakarudisha marekebisho. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayejaribu saketi ya kipaza sauti kwa LTspice leo anatumia mjukuu wa kazi ile.

Kisha ikaja zamu ya transista yenyewe. Transista ni swichi: mkondo wa umeme unapita katika njia ya silikoni, na juu ya njia hiyo kuna lango linaloufungulia au kuufunga. Kadiri wahandisi walivyozidi kuipunguza, lango lilishindwa kazi. Umeme ulivuja hata swichi ilipozimwa, chipu ikachemka bure na betri ikaisha. Ukibonyeza mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole kimoja kutoka juu, maji hupenya pembeni. Ukiukamata kwa kiganja kizima, hukatika. Chenming Hu na wenzake wa Berkeley, Tsu-Jae King Liu na Jeffrey Bokor, walifuata mantiki hiyo. Waliisimamisha njia ya silikoni wima, nyembamba kama pezi la samaki, kisha wakaizungushia lango pande zake. Wakaiita FinFET.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Fedha za kwanza za FinFET zilitoka DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani. Kiwanda huangalia bidhaa ya miaka michache ijayo. Intel ilitangaza chipu zake za muundo huu mwaka 2011, zaidi ya miaka kumi baada ya Berkeley kuuchapisha. Fedha za kampuni za chipu zilisaidia upande mwingine: kujenga BSIM, kanuni za hisabati zinazoeleza tabia ya transista, ambazo viwanda vilizikubali katika miaka ya 1990 kuwa kipimo chao cha pamoja. Bila kanuni kama hizo mbunifu hawezi kuchora chipu yenye mabilioni ya transista. Na ingawa Berkeley iliichukulia FinFET hataza, ilichapisha matokeo yake wazi. Intel, Samsung na TSMC zote zilitumia wazo hilo, ndiyo maana likafika hadi kwenye simu yako.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kuwa fedha za kiwanda huharibu chuo, wala na wanaodhani zinaweza kuchukua nafasi ya bajeti ya serikali. Zinafaa sana pale tatizo linapojulikana na matokeo yanapobaki wazi. Ila mkataba unaoipa kampuni mamlaka ya kuzuia uchapishaji hukifanya chuo kuwa karakana ya bei nafuu, na tasnifu ya mwanafunzi hufungiwa kabatini.

Suala hili limeshafika kwetu. Kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imejenga shughuli zake ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Nafurahi kuona hilo, na natamani vyuo vyetu vingine vipate wabia wa namna hiyo. Wakuu wa vyuo mtakaoketi kusaini mikataba ya aina hii, someni kwanza vifungu viwili: nani anaamua matokeo yachapishwe lini, na fedha kiasi gani zinamfikia mwanafunzi. Visipoeleweka, msisaini.